Jenereta ya trekta inasumbua: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Jenereta yenye injini yake huja imeshapangiwa mwendo kiwandani. Ile inayofungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini) haina bahati hiyo. Mwendo wake ni ule unaouweka wewe kwa throtoli ya mkono, na mzigo ukipanda, gavana ya trekta ndiyo inayopaswa kuushikilia. Ndiyo maana mashine nyingi zinazopelekwa kwa fundi wa stima kwa madai kwamba "zimeungua" hazina ubaya wowote wa stima. Zinazungushwa polepole mno, au haraka mno, au mwendo wenyewe haukai.

Maelezo haya yanahusu mitambo ya aina mbili. Ya kwanza ni trekta dogo la hp 20 hadi 30, au kubwa zaidi, lenye PTO ya mizunguko 540 kwa dakika na jenereta iliyofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma pamoja na gia boksi yake. Ya pili ni pawatila (trekta la magurudumu mawili la kusukuma kwa mkono) au injini ya dizeli ya silinda moja inayozungusha altaneta ya ST (ya fezi moja, yenye brashi) kwa mikanda. Matatizo yao yanafanana isipokuwa pale tutakaposema.

Pima hezi kabla ya volti

Tafuta mita inayosoma volti na hezi (mawimbi ya stima kwa sekunde) pamoja. Ile ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inatosha kwa matumizi ya kila siku, lakini kwa kutafuta hitilafu unahitaji multimita yenye nyaya mbili ili uweze kupima kwenye terminali za altaneta yenyewe, kabla ya sakiti breka.

Stima yetu ni volti 240 kwa fezi moja, 415 kwa fezi tatu, na hezi 50. Altaneta nyingi za namna hii zina poli nne (ncha za usumaku), kwa hiyo hutoa hezi 50 zikizunguka mara 1,500 kwa dakika. Kujua mwendo wa altaneta, zidisha hezi kwa 30. Gia boksi ya jenereta ya PTO huzidisha mwendo mara 2.78 hivi, na ndiyo inayogeuza 540 kuwa 1,500. Ukisoma hezi 47, PTO iko kwenye 508 tu, hata kama mshale wa dashibodi unakuambia 540. Ukisoma 53, iko kwenye 572. Amini hezi kuliko mshale.

Bila mzigo, panga throtoli mpaka mita isome 52. Ukiweka mzigo wa kawaida itashuka hadi 50 au 49, na hapo ni sawa. Ikipita chini ya 48, kuna jambo la kutafuta. Usiongeze throtoli kufidia mzigo mkubwa ukaiacha hapo, kwa sababu pampu itakapojizima yenyewe mwendo utaruka juu na volti nazo zitapanda pamoja na kila kitu kilichobaki kimewashwa.

Kabla ya kugusa chochote, toa PTO, zima injini, na ufunguo uwe mfukoni mwako, si mwa mtoto wa jirani. Shafti ya 540 inazunguka mara tisa kwa sekunde. Ikishika pindo la leso au koti la mvua haikupi nafasi ya kulivua. Kama kile kifuniko cha plastiki cha shafti kimepasuka au kimetolewa, hilo ndilo tatizo la kwanza la kurekebisha, hata kama stima inatoka vizuri.

Injini inanguruma lakini hakuna stima

Ondoa mizigo yote kwanza. Altaneta nyingi haziwezi kujenga volti zikianza na friji na pampu mgongoni. Weka mwendo wa kawaida, kisha pima kwenye terminali zenyewe. Kinachosomeka hapo kinakuonyesha uende upande gani.

Ukisoma volti 240, altaneta ni nzima. Tafuta sakiti breka iliyokatika, waya uliolegea au chenjiova (swichi ya kuchagua stima ya jenereta au ya laini) iliyoachwa upande wa Kenya Power. Ukisoma volti 3 hadi 10, usumaku uliobaki ndani upo lakini hauongezwi: tazama brashi za kaboni, daiodi, AVR (kidhibiti cha volti) au kapasita. Ukisoma sifuri kabisa, ama usumaku umepotea, ama waya mkuu umekatika.

Brashi ndizo za kuanza nazo kwa sababu hazigharimu kitu kuzitazama. Fungua kifuniko cha nyuma, toa kishikio chake na uvute brashi moja. Inapaswa kuteleza ndani ya nyumba yake bila kukwama, na springi iisukume kwa nguvu. Ikibaki chini ya milimita 8 hivi, badilisha zote mbili. Kisha tazama pete za shaba ambazo brashi huzigusa. Rangi ya kahawia iliyokolea na laini ni dalili ya afya, usiikwangue ukitafuta mng'ao. Kinachotakiwa kuondolewa ni weusi wa kuungua, mifereji, au ule utandu wa kijani unaojitokeza pale pale brashi ilipokaa kwa miezi bila mashine kuwashwa. Kisumu na Ahero, kwenye unyevu wa ziwa, utandu huo huja upesi. Tumia msasa laini wa namba 400 au zaidi, zungusha kwa mkono, kisha futa vumbi lote. Msasa wa mbao haufai hapo.

Brashi zikiwa nzima kwenye altaneta ya ST, hamia kwenye daiodi. Ni kile kipande cha mraba chenye miguu minne kilichofungwa kwa skrubu kwenye bodi: miguu miwili ina alama ya wimbi, mmoja wa jumlisha, mmoja wa kutoa. Tia alama kwenye nyaya, zichomoe, kisha weka multimita kwenye alama ya daiodi. Kutoka kila mguu wa wimbi hadi wa jumlisha, na kutoka wa kutoa hadi kila mguu wa wimbi, unapaswa kupata 0.4 hadi 0.7 upande mmoja, na hakuna kitu ukigeuza nyaya za mita. Ukipata sifuri pande zote mbili, imeungua kwa shoti. Ukikosa pande zote mbili, imekatika. KBPC2510, ambayo ni ya ampea 25 na volti 1,000, inafaa altaneta nyingi ndogo na hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Paka grisi ya joto chini yake na uikaze kwenye chuma. Ikining'inia hewani haitadumu.

Kurudisha usumaku ni kazi rahisi ambayo hufanywa vibaya. Altaneta hupoteza usumaku kwa kukaa muda mrefu, kwa kuangushwa, au kwa kuzimwa ikiwa imebeba mzigo mzito. Injini ikiwa imezimwa, chomoa nyaya mbili za fildi (koili inayojenga usumaku), mara nyingi zimeandikwa F1 na F2, kutoka kwenye daiodi au AVR. Ukizisahau, betri itapitia kwenye AVR na utanunua nyingine. Gusisha betri ya volti 12, jumlisha kwenye waya uliotoka kwenye jumlisha na kutoa kwenye ule mwingine, kwa sekunde tatu. Ondoa betri, rudisha nyaya, washa bila mzigo na upime.

Bado hakuna kitu? Zima. Chomoa tena fildi, funga betri kwa klipu imara, rudisha mikono yako mbali, ndipo uwashe. Betri ikiwa inalisha fildi, terminali kuu zikitoa makumi ya volti, koili zako ni nzima na ubaya uko kwenye daiodi au AVR. Zikikaa chini ya hapo kabisa, koili ya fildi au ya stima yenyewe imekatika au imeungua, na safari ni ya kwa fundi wa kufunga koili.

Altaneta ndogo isiyo na brashi mara nyingi huendeshwa kwa kapasita. Ikifa, utasoma volti chache tu. Ondoa chaji yake kabla ya kuigusa, kisha weka nyingine yenye mikrofaradi zilezile zilizoandikwa ubavuni na volti 450. Kuongeza mikrofaradi ili "ipate nguvu" hupandisha volti na kuchemsha koili.

Na jambo la kuangalia kabla ya yote hayo, hasa kwa mashine iliyolala stoo ya mahindi: fungua kisanduku cha terminali utafute panya. Wanapenda kulala humo, na waya mwembamba wa AVR ndio wanaouanza.

Stima iko, lakini ukiwasha pampu kila kitu kinazama

Hapa sikio ni kifaa. Msaidizi awashe mzigo, wewe usikilize injini huku ukitazama hezi.

Hezi zikishuka lakini sauti ya injini haibadiliki, nguvu inapotea njiani. Kwenye pawatila ni mkanda unaoteleza: tafuta vumbi jeusi kuzunguka puli, kelele ya kulia, na puli ya moto kuliko kawaida. Ukibonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba unapaswa kuingia milimita 10 hadi 15. Mkanda mmoja wa saizi B hubeba kilowati 3 hadi 4 hivi, kwa hiyo altaneta ya kilowati 10 kwenye mkanda mmoja ni kujidanganya. Badilisha mikanda yote pamoja. Mpya na mkuukuu zikifungwa bega kwa bega, mpya ndiyo itakayobeba mzigo wote. Kwenye trekta, ni klachi ya PTO.

Hezi zikishuka na injini nayo ikilemewa, tazama moshi. Moshi mweusi maana yake dizeli inaingia lakini hewa haitoshi: mzigo umezidi, au filta ya hewa imejaa. Wakati wa kuvuna na kupura, filta iliyosafishwa Jumatatu inaweza kuwa imeziba kufika Ijumaa. Mwendo ukishuka bila moshi wa maana, injini inakosa dizeli: filta imeziba, kuna maji kwenye kikombe cha chini, au hewa inaingia kwenye paipu. Na kabla ya kufungua filta, tazama throtoli ya mkono. Mtetemo huirudisha chini polepole ikiwa breki yake imelegea, na hitilafu hiyo huisha kwa kukaza nati moja.

Ikiwa yote hayo ni sawa, huenda trekta ni dogo kwa jenereta uliyouziwa. Kanuni ya kazi ni hp 2 kwenye PTO kwa kila kilowati 1 ya stima. Lakini hp zilizoandikwa kwenye boneti ni za injini, si za PTO, na zilipimwa karibu na usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza asilimia 3 hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Nakuru iko mita 1,850, Kisumu 1,130 hivi. Trekta la hp 25 lenye hp 20 kwenye PTO litabaki na 16 na kitu Nakuru, yaani kilowati 8 za stima. Kisumu litapata karibu 9. Ukipanda Molo litapungua tena. Jenereta ya kVA 15 ni kilowati 12 ukihesabu kwa pawa fakta ya 0.8, kwa hiyo trekta hilo haliwezi kuijaza, hata ungebadilisha filta kila asubuhi. Si vibaya kuwa na altaneta kubwa kuliko trekta, kwa kuwa inasaidia mota kuanza, ila usiipakie kwa kusoma kibandiko chake.

Mota nazo zina hila yake. Pampu ya kisima ya hp 1.5 hula ampea 8 hivi ikiwa inazunguka, lakini sekunde ya kuanza huvuta mara tano hadi saba ya hizo. Jenereta iwe na kVA angalau mara tatu ya kilowati za mota kubwa zaidi uliyonayo. Mashine ya kukata nyasi yenye mota ya hp 3, yaani kilowati 2.2, inataka kVA 7 hivi. Washa mota kubwa kwanza, ikitulia ndipo uongeze nyingine na taa. Kompresa ya friji au ya tangi la maziwa ikizimika, ipe dakika tano kabla ya kuirudishia stima. Ikianza ikiwa bado na presha, itanguruma bila kuzunguka na kujichemsha.

Taa zinacheza

Tofautisha aina tatu za kucheza.

Taa zikiongezeka na kupungua taratibu, kila sekunde moja au mbili, tazama mita. Hezi zikipanda na kushuka pamoja na taa, ni injini inayowinda mwendo: hewa kwenye dizeli, filta, au viungo vya gavana vilivyokauka au kulegea. Hezi zikitulia huku volti zikicheza, ni AVR, na nyingi zina skrubu ndogo yenye maandishi STAB. Zungusha kidogo kidogo, robo ya mzunguko kwa mara moja, baada ya kuweka alama ya mahali ilipokuwa.

Taa zikikatika ovyo bila mpangilio, ni brashi inayoruka au waya uliolegea. Kaza terminali zote injini ikiwa imezimwa.

Zikitetemeka kwa haraka na bila kukoma, kama kope inayochezacheza, geukia shafti. Yunivaso joint (kiungo cha shafti kinachokunjika) iliyokunjwa kwenye pembe haizungushi kwa mwendo sawa: huharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko, na kwa 540 hiyo ni mara 18 kwa sekunde. Joint ya pili hulifuta kosa hilo, ila kwa masharti mawili. La kwanza, uma za ndani za shafti, zile mbili zilizo kwenye mabomba yanayoteleza, zilale kwenye mstari mmoja. Mtu akichomoa shafti ili aipake grisi kisha akairudisha imehama meno kadhaa, kosa huongezeka badala ya kufutika. La pili, pembe ya upande wa trekta na ya upande wa jenereta zilingane. Pandisha au shusha mikono ya nyuma hadi shafti ikaribie kulala sawa, kisha funga mikono isicheze. Hakikisha pia mabomba yameingiliana angalau theluthi moja ya urefu wake, na kwamba hayagongi mwisho ukiinua jenereta.

Volti zimepanda, balbu zinaungua

Zima sakiti breka mara moja, halafu uulize maswali. Kama hezi ni 55, throtoli ndiyo chanzo. Kama hezi ni 50 na volti ni 280, waya wa AVR unaopima volti umekatika (panya tena), au AVR yenyewe imekwama wazi.

Kwa fezi tatu kuna sababu mbaya kuliko hizo: nyutro imelegea au imeachia. Hapo fezi yenye mzigo mwepesi inaweza kupanda kupita volti 300 huku fezi yenye mzigo mzito ikishuka, nyumba moja taa zikiwa kali na nyingine zikififia. Usiwashe tena mpaka nyutro imekazwa na kila fezi imepimwa dhidi yake.

Kwenye jenereta ni 240, nyumbani ni 215

Huo ni waya. Kwa mita 50 za waya wa milimita 2.5 ukivuta ampea 20, unapoteza volti 18 njiani. Waya wa milimita 6 hupoteza 7 tu. Suluhisho ni kuleta jenereta karibu, au waya mnene. Kupandisha volti za AVR ili kufidia umbali kutaunguza kilicho karibu na jenereta. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjuliwe yote, kwani iliyobaki kwenye gurudumu huchemka hadi plastiki kuyeyuka.

Testa inawaka kwenye nyaya zote mbili

Watu hushtuka wakiona hivi, wakadhani kuna shoti. Mara nyingi ni kwamba nyutro ya jenereta haijafungwa ardhini, kwa hiyo kila waya unasimama kwenye takriban volti 120 dhidi ya udongo. Taa zitawaka kama kawaida. Lakini RCD ya nyumba (swichi inayokata stima inapovuja ardhini) haitakata mtu akishika chuma chenye stima, kwa kuwa mkondo hauna njia ya kurudi. Invata za sola na UPS nyingi nazo hukataa stima ya aina hii, au hukataa kwa sababu hezi zinayumba. Kwa invata, tuliza mwendo kwanza, kisha uangalie nyutro.

Dawa ni kuunganisha nyutro na bodi ya jenereta mahali pamoja tu, penye jenereta, na bodi hiyo ifungwe kwenye fimbo ya shaba ya mita 1.2 iliyopigwa ardhini. Wakati wa kiangazi, mwagia maji mahali hapo. Hili linaruhusiwa tu ikiwa chenjiova inakata nyaya zote mbili, laivu na nyutro. Ukiunganisha nyutro na ardhi mara ya pili kwenye bodi ya nyumba, RCD itakata kila mara na utaisingizia friji. Jenereta kuukuu za Marekani za volti 120/240 ni kesi nyingine: nyutro yake iko katikati ya koili na huenda tayari imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo ukiufunga mmoja wa nyaya za pembeni ardhini unapiga shoti nusu ya koili. Isitoshe, zikizungushwa kwa 540 hutoa hezi 60. Ukiona kibandiko chenye 60, mwachie muuzaji mzigo wake.

Chenjiova yenyewe haina mjadala. Waya wenye plagi pande mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani, hurudisha stima kwenye transfoma, na transfoma huigeuza kuwa volti 11,000 au zaidi kwenye nyaya ambazo fundi wa Kenya Power anazishika akiamini zimekufa. Na stima ya laini ikirudi jenereta ikiwa inazunguka, altaneta haiponi. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli.

Trekta linazima ukishuka kitini

Si hitilafu. Matrekta madogo mengi yana swichi chini ya kiti inayozima injini PTO ikiwa imeunganishwa na hakuna aliyeketi. Soma kitabu cha trekta: mengi huruhusu PTO ya nyuma kuendelea ukiweka gia zote kwenye nyutro, ukavuta hendibreki na kuchagua PTO ya kazi ya kusimama. Kufunga jiwe juu ya kiti au kuunganisha nyaya za swichi ni kuondoa kitu pekee kitakachozima shafti ukiwa huwezi kufika kwenye ufunguo. Weka vigingi kwenye magurudumu pia.

Joto, kelele na harufu

Gia boksi ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuacha kiganja juu yake, pima oili, kwa kawaida ya EP90, mpaka kwenye tundu la kupimia, injini ikiwa imezimwa na jenereta imelala sawa. Oili iliyozidi hutoa joto na kuvuja pia, si iliyopungua peke yake. Injini ikichemka wakati mzigo ni wa kawaida, kumbuka trekta lililosimama halipati upepo wa mwendo: safisha makapi kwenye rejeta na uligeuze lisivute moshi wake lenyewe. Harufu ya vanishi kutoka kwenye altaneta ni koili inayoungua, na hapo unazima bila kusubiri. Kelele ya kusaga inayobadilika kulingana na mwendo, bila kujali mzigo, ni beringi.

Mashine iliyolowa mvua au iliyokaa stoo msimu mzima ipimwe kwa mega (kipima insulesheni) ya volti 500, ukiwa umechomoa AVR na daiodi kwanza. Chini ya megaomu 1, ikaushe juani au kwa balbu ya zamani ndani ya kifuniko kwa siku nzima kabla ya kuizungusha.

Usiendeshe trekta ndani ya zizi au stoo, hata milango ikiwa wazi. Ekzosi iwe mita 6 au zaidi kutoka dirisha la kulala, na upande upepo unakoelekea.

Pampu ya fezi tatu inazunguka lakini maji ni kidogo

Inazunguka kinyumenyume. Badilisha nyaya mbili kati ya tatu, upande wa jenereta, ili pampu ibaki sawa na stima ya laini. Kompresa ya skrolo ya tangi la maziwa ikizunguka kinyume hupiga kelele na haipozi. Usiiache hivyo hata dakika moja.

Ekzosi inatoa mafuta meusi

Hii hutokea kwa trekta kubwa linalowasha balbu tatu na televisheni usiku kucha. Dizeli haiungui yote injini ikiwa baridi na bila kazi, na mabaki hutoka na masizi kwenye bomba. Injini ya hp 50 kwenye mwendo wa 540 hula lita 2 hadi 4 kwa saa hata bila mzigo wa maana. Ipe angalau theluthi ya nguvu yake: kamua, poza maziwa, jaza tangi la maji na kata nyasi katika saa zilezile mbili, kisha toa mizigo, iache ipoe dakika tano, shusha mwendo, toa PTO na uzime. Taa za usiku zihudumiwe na betri iliyochajiwa wakati huo huo, au na jenereta ndogo ya petroli ya kVA 2.5.